Shoka, Mufuko na Bunduki: Kipimo cha Mwanaume katika Inchi ya Beni na Butembo

Siku nilipowajulisha wazee wa jamaa kama ninaingia seminari kubwa, mujomba wangu hakukasirika. Alinyamaza muda murefu, halafu akauliza neno moja tu: «Basi, mwana wetu, utakuwa mwanaume kwa njia gani?» Ulizo lile lilinifuata miaka yote ya masomo. Ndani yake muna historia nzima ya inchi yetu, nami ninataka kuifuata hapa, tangu wazee wa zamani hata vijana wa leo.

I. Shoka

Wayira, ambao vitabu vya Wazungu viliwaita Wanande, walijijua kuwa wakondi, maana yake watu wa kukata pori. Mwanaume alishika shoka, akaangusha miti, akafungua shamba. Aliyetangulia kukata alikuwa mwenye udongo. Waliomufuata walipokea sehemu zao kwake. Migomba na pombe ya ndizi vilikuwa vya waume. Maharagi, ulezi na majimbi vilikuwa kazi ya wanawake. Kwa kuoa, mutu alitoa mbuzi kwa jamaa ya musichana. Jioni waume walikaa katika kyaghanda, nyumba ya mikutano, karibu na moto. Pale mashauri yalikatwa, pale kijana alijifunza maneno ya ukoo. Binti alijifunza ya kwake kwenye mafiga ya mama.

Tena kulikuwa olusumba, ibada ya kutahiriwa. Vijana walitengwa na mama zao, wakapelekwa porini, wakavumilia maumivu, na waliporudi walihesabiwa waume. Ibada ile iliisha wakati wa Wabeleji. Leo mutoto anatahiriwa hospitalini. Lakini fundisho lake halikuisha: mwanaume ni yule asiyelia, na aliyekwisha kutengana na mambo ya wanawake.

Tusiwasifu wazee kupita kiasi, wala tusiwalaumu bure. Shoka lilikuwa na pande mbili. Kwa upande mumoja lilitawala: mwenye udongo alisema, wengine walisikia, na mwanamuke alisikia kuliko wote. Kwa upande wa pili lililisha: mukondi aliyekataa kugawa hakupata wafuasi, na mukubwa bila watu ni mukubwa wa nani? Tuyashike maneno haya mawili, kutawala na kulisha. Yatatusaidia mbele.

II. Mufuko

Misioni ilianza Beni mwaka 1906 kwa mikono ya Mapadri wa Moyo Mutakatifu. Mapadri wa Assomption walifika mwaka 1929. Katika miaka ile kampuni ya machimbo MGL ilitafuta zahabu, na muji wa Butembo ukakua karibu na kazi zake. Kodi ilidaiwa kwa franka. Ju ya kuipata, mwanaume aliweka shoka chini, akatafuta mushahara. Muzungu alimwita mutu muzima «boyi», na fimbo ilimupiga mbele ya wenzake. Mutu anayeshushwa hivi muchana hutafuta jioni pahali pa kuwa mukubwa. Wengi walipapata nyumbani tu, mbele ya bibi na watoto.

Baada ya uhuru wa 1960, wafanya-biashara wa Butembo walijulikana mbali: kahawa, zahabu, mboga, malori ya kwenda Kisangani na Kampala, kisha safari za Dubai na China. Kipimo kikawa mufuko. Wanawake nao walitembeza mali sokoni, lakini Sheria ya Jamaa ya 1987 ilidai ruhusa ya mume kabla ya bibi kufanya mapatano mbele ya serikali. Neno hilo liliondolewa mwaka 2016 tu.

Lakini hata wakati wa ukoloni kulikuwa watu waliokataa kipimo hiki, nao hawakuwa wenye kelele. Ni wasichana wa milima yetu waliokwenda kwa masista. Tufikiri vema jambo hili. Kwa mbuzi za binti, kaka yake alioa. Binti alikuwa mulango wa ukoo. Sasa anasema: sitaolewa. Baba anapoteza mbuzi, kaka anangojea, wazee hawana neno la kumwita. Si muke wa mutu, si mujane, si mutoto. Hata hivi alifundisha masomoni, aliwatunza wagonjwa, alishika feza na funguo. Watu walimwita mama. Wengine wanasema alimutii padri badala ya baba. Kuna ukweli katika neno hilo, na sisi mapadri tulisikie. Lakini inchi iliona kwa macho mwanamuke anayesimama bila kusimamishwa na mume.

III. Bunduki

Vita vya 1996 na 1998 vilileta kipimo cha tatu. Majeshi ya Uganda yalikaa Beni na Butembo. Vijana wengi waliingia kwa Mai-Mai. Angalieni desturi zao: chanjo, maji ya dawa, siri, kukatazwa kugusa mwanamuke wakati wa kupigana. Si olusumba iliyorudi na bunduki? Lakini kuna tofauti kubwa. Olusumba ilikuwa na mwisho: kijana alirudi mujini chini ya wazee. Ibada ya bunduki haina kurudi. Kijana anaamuru wazee, na asiyeshika shoka hata siku moja anakula shamba la mwingine. Kutawala kumebaki, kulisha kumekufa.

Tangu Oktoba 2014 mauaji ya ADF yalienea pande za Beni, Mbau, Oicha na Eringeti. Mwanaume asiyeweza kulinda nyumba yake aliona haya kali. Sitamuhukumu yule aliyezika watoto wake kisha akatamani bunduki. Ninauliza tu: je, ni njia moja tu iliyokuwapo?

Mgr Emmanuel Kataliko alikuwa askofu wetu miaka 30 na zaidi, tangu 1966. Hakuwa na muke, wala mutoto, wala askari. Wakati wake, mwaka 1989, kulianzishwa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kule Butembo. Alipokuwa askofu mukubwa wa Bukavu, barua yake ya Noeli 1999 iliwaumiza wenye bunduki. Mwezi wa pili 2000, wakubwa wa RCD walimukataza kukaa Bukavu, wakamuleta Butembo. Alirudi Septemba, alikufa Roma tarehe 4 Oktoba 2000. Watu wenye silaha waliogopa muzee mwenye kalamu.

Tena, mwaka 2012, vijana wa Goma walianzisha LUCHA, nayo ilifika hata Beni na Butembo. Wavulana na wasichana pamoja, bila silaha, wanakaa chini barabarani na kudai maji, amani na haki. Walipigwa, walifungwa, na wengine walikufa. Kijana anayepigwa asirudishe, wazee walimuita mwoga. Lakini yeye pia anavumilia maumivu kama wa olusumba. Tofauti ni hii, kama dada yake amekaa karibu naye, anavumilia vilevile.

Mwisho

Mujomba wangu amekufa, nami sikumujibu kamwe. Leo ningemwambia: mujomba, ulinifundisha mwenyewe. Mukondi ni yule anayefungua pahali wengine wapate kuishi. Masista walifanya hivi, Kataliko alifanya, vijana wale wanajaribu. Bunduki haifungui kitu.

Lakini ningeongeza neno la pili, na hilo ni letu sisi wenye kanzu. Padri naye anaweza kugeuza misioni kuwa kyaghanda yake: yeye anasema, wengine wanasikia, na akina mama wanapika nyuma ya nyumba. Kukosa muke hakumutoi mutu katika tamaa ya kutawala. Yafaa kila mumoja wetu ajiulize kila jioni: leo nimelisha nani, na nimetawala nani?