Televisheni ya kwanza ya HD: mambo ya kukagua kabla ya kulipa

Kaya nyingi nchini Rwanda na katika nchi jirani ziliendelea kutumia televisheni ya chogo muda mrefu baada ya matangazo ya analojia kuzimwa. Zilinunua king'amuzi, zikakiunganisha na televisheni ileile ya zamani, na maisha yakaendelea. Uamuzi huo ulikuwa wa busara. Lakini chogo linapoharibika leo, fundi hana tena vipuri, na familia hulazimika kuingia dukani kutafuta kitu ambacho haijawahi kukimiliki. Kwa kaya ya kipato cha kawaida, huo ni ununuzi ambao huenda usirudiwe kwa miaka 7 au 10. Akiba iliyowekwa kidogokidogo inaweza kuishia kwenye chombo kinachoandikwa HD kwenye boksi, lakini sebuleni kikaonyesha picha ileile ya zamani.

Neno lenyewe lina mtego. Katika vyumba vya habari tumezoea kutafsiri HD kuwa "ung'avu wa juu". Tafsiri hiyo inapotosha, kwa maana ung'avu ni habari ya mwanga, ilhali HD ni habari ya wingi wa nukta zinazounda picha. Wauzaji wanaujua udhaifu huo wa macho yetu, na ndiyo maana televisheni za dukani huwekwa kwenye mwanga mkali kupita kiasi ili iliyo ghali ionekane inawaka kuliko jirani yake. Mwanga unaweza kuongezwa au kupunguzwa kwa rimoti. Nukta haziongezeki.

Nukta ngapi?

Picha ya kawaida ya televisheni katika ukanda wetu ina mistari 576, kila mstari ukiwa na nukta 720. Jumla ni nukta 414,720. HD ya daraja la kwanza ina mistari 720 yenye nukta 1,280, yaani nukta 921,600. HD kamili, inayoandikwa Full HD au 1080, ina mistari 1,080 yenye nukta 1,920, ambazo ni nukta 2,073,600, mara tano kamili ya picha ya kawaida. Juu yake ipo 4K, yenye nukta zaidi ya milioni 8.

Hapa ndipo wanunuzi wengi hukwama. Kibandiko cha "HD Ready", kilichoanzishwa na watengenezaji wa Ulaya mwaka 2005, kinaahidi kioo chenye angalau mistari 720. Hakiahidi HD kamili. Aidha, baadhi ya maboksi huandika kwamba televisheni "inapokea 1080". Kupokea si kuonyesha. Televisheni nyingi ndogo zina kioo cha nukta 1,366 kwa 768: hupokea picha ya 1080, huipunguza, kisha huionyesha kwa kipimo cha kioo chake. Kipimo cha kuuliza ni kile cha kioo chenyewe, na kwa kawaida kimeandikwa katika ukurasa wa vipimo wa kijitabu kilichomo ndani ya boksi. Muuzaji anayekataa kukifungua amekwisha kukujibu.

Hata hivyo, mtu asihangaike kutafuta nukta ambazo jicho lake halitaziona. Jicho zima hutofautisha nukta mbili zinapotengana kwa takriban sehemu moja ya 60 ya digrii. Kwa hesabu hiyo, faida ya HD kamili huonekana ukikaa umbali usiozidi takriban mara 3.2 ya kimo cha picha. Faida ya mistari 720 huonekana hadi karibu mara 4.8. Televisheni ya inchi 32 ina picha yenye kimo cha sentimeta 40 hivi. Kwa hiyo, HD kamili ya inchi 32 inataka ukae mita 1.3 kutoka kwenye kioo, na ile ya mistari 720 mita 1.9. Sebule nyingi zina kochi lililosogezwa ukutani, mita 3 kutoka kwenye kioo. Kwa umbali huo, kioo cha inchi 32 hakikupi tofauti yoyote ya maana kati ya madaraja hayo mawili, na muuzaji anayekutoza zaidi kwa ajili ya Full HD ya inchi 32 anakuuzia maandishi ya kwenye boksi.

Kioo cha inchi 43, chenye kimo cha sentimeta 53 au 54, ndicho kinachoanza kuleta maana katika sebule kama hiyo. Ukiwa mita 2.5 utaona vizuri kazi ya mistari 720. Ama 4K ya ukubwa huo, utalazimika kukisogelea kioo hadi chini ya mita moja ili uifaidi. Sioni sababu ya familia inayonunua HD ya kwanza kuilipia.

Kuhusu ukubwa, lipo jambo jingine ambalo huwashangaza watu baada ya kufika nyumbani. Inchi hupimwa mshazari, kutoka pembe hadi pembe, na umbo la kioo limebadilika. Chogo la inchi 21 lilikuwa na picha yenye kimo cha sentimeta 30 hivi. Televisheni bapa ya inchi 24 ina kimo hichohicho, kwa kuwa imerefuka kwa upana tu. Mzee aliyekuwa akisoma maandishi yanayopita chini ya taarifa ya habari kwa shida hatapata nafuu kubwa kwa kuhamia inchi 24. Anzia 32.

Kipokezi cha ndani na asili ya mzigo

Katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2006, nchi za Afrika, Ulaya na Mashariki ya Kati zilikubaliana kuachana na matangazo ya analojia, na Juni 2015 ukawekwa kuwa ukomo. Tanzania ilianza kuzima mitambo jijini Dar es Salaam usiku wa Desemba 31, 2012. Rwanda ilifuata mwaka 2014. Kenya na Uganda zilizima mitambo ya miji yao mikuu mwaka 2015. Nchini Kenya hatua hiyo iliambatana na mvutano uliowaacha watazamaji wa stesheni kubwa za binafsi bila matangazo kwa wiki kadhaa.

Mfumo unaotumika kurusha matangazo ya ardhini katika ukanda huu ni DVB-T2. Herufi na tarakimu hiyo ya mwisho, T2, ina uzito. Kipo kizazi cha awali, DVB-T, ambacho Kenya yenyewe ilianza nacho mwaka 2009 kabla ya kuhamia kilichofuata. Kipokezi cha DVB-T hakiwezi kusoma mawimbi ya DVB-T2, ingawa cha DVB-T2 kwa kawaida husoma yote mawili. Televisheni ikiandikwa "Digital" bila kutaja T2, chukulia kwamba utahitaji king'amuzi, na uingize gharama hiyo katika bajeti.

Tahadhari hii inawahusu zaidi wanaonunua televisheni zilizotumika au zilizoletwa na ndugu walio ng'ambo. Televisheni iliyotengenezwa kwa soko la Japani ina kipokezi cha mfumo wa ISDB-T, na ile ya Marekani ina ATSC. Zote hazitapata stesheni yoyote hapa kwa antena. Barani Afrika, Botswana ilichagua mfumo wa Kijapani, lakini sisi hatukuuchagua. Tatizo kubwa zaidi ni umeme. Japani hutumia volti 100 na Marekani volti 120. Umeme wetu ni volti 220 hadi 240. Televisheni ambayo haikuandikwa nyuma yake kwamba inakubali volti 100 hadi 240 inaweza kuungua siku ileile inapochomekwa. Soma kibandiko cha nyuma, wala usitegemee maneno ya aliyeileta.

Waya wa rangi tatu

Katika nyumba nyingi HD hupotelea hapa. Watu hununua televisheni nzuri, kisha wanaiunganisha na king'amuzi kwa waya ule wa zamani wenye vichwa vya njano, nyekundu na cheupe. Kichwa cha njano hubeba picha ya kawaida tu. Hakijawahi kubeba HD, wala hakitabeba. Waya unaotakiwa ni wa HDMI. King'amuzi nacho lazima kiwe cha HD, na chaneli yenyewe lazima irushwe kwa HD. Kimoja kikikosekana, vingine havina kazi.

Kombe la Dunia la mwaka 2010 nchini Afrika Kusini lilipigwa picha kwa HD, na wengi wa ukanda huu waliliona kwa picha ya kawaida kwa sababu ya viungo hivyo vya kati. Kabla ya kununua, orodhesha chaneli ambazo familia hutazama kweli, kisha muulize wakala wa king'amuzi ni zipi zinazorushwa kwa HD na katika kifurushi kipi. Huenda ukagundua kwamba ni mbili au tatu tu. Kumbuka pia kwamba picha ya kawaida ikitandazwa kwenye kioo kikubwa huonekana mbovu kuliko ilivyokuwa kwenye chogo, kwa kuwa nukta zilezile chache zimenyooshwa. Anayetazama zaidi filamu za DVD na chaneli za kawaida asikimbilie inchi 55.

Antena haina haja ya kubadilishwa kwa sababu tu dukani kuna iliyoandikwa "ya dijitali". Antena ya UHF iliyo nzima na inayoelekea mtambo inatosha. Tofauti utakayoiona ni kwamba mawimbi yakiwa hafifu hupati tena chengachenga. Picha hukatikakatika kisha hupotea kabisa.

Televisheni zenye intaneti zinauzwa kwa bei ya juu kidogo. Zinafaa kwa mwenye intaneti ya bei moja kwa mwezi. Kwa anayenunua bando, saa moja ya filamu ya HD hula takriban gigabaiti 2 hadi 3. Piga hesabu mwenyewe.

Umeme, sauti na risiti

Habari njema ni kwamba bili haitapanda. Televisheni ya LED ya inchi 32 hutumia takriban wati 30 hadi 50, chini ya machogo mengi ya inchi 21. Ikiwashwa saa 5 kwa siku kwa wati 40, ni yuniti 6 kwa mwezi. Wanaotegemea sola watafute televisheni inayotumia volti 12 moja kwa moja, kwani kibadilishaji umeme nacho hula sehemu ya betri. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa nguvu, kifaa cha kulinda umeme si anasa.

Sauti ndiyo hasara ya wembamba: spika ndogo zimegeuzwa kuelekea ukutani. Msikilize mtangazaji wa habari akisoma, wala si muziki, kabla ya kuamua. Mwombe muuzaji awashe televisheni uliyochagua, si ile ya maonyesho, aonyeshe picha nyeupe tupu na picha nyeusi tupu; nukta zilizokufa na madoa ya mwanga hujitokeza hapo. Hakikisha ina walau matundu mawili ya HDMI. Dai risiti ya EBM, na namba ya kifaa iandikwe kwenye karatasi ya dhamana, hasa ukinunua kwa niaba ya mtu aliye ng'ambo ya mpaka: dhamana ya duka la Kigali haina nguvu Bujumbura wala Goma.

Safirisha televisheni ikiwa imesimama wima, isilazwe chini ya mizigo. Ukiiwasha nyumbani kwa mara ya kwanza, itakuuliza kama ipo dukani au nyumbani. Chagua nyumbani, kisha iamuru itafute stesheni upya. Boksi litunze hadi muda wa dhamana uishe.