Roketi za Ngomeni ziliongozwaje?

Ukifuata pwani kutoka Bagamoyo kwenda kaskazini, ukapita Tanga na Mombasa, utafika Ngomeni, karibu na Malindi nchini Kenya. Hapo baharini, katika Ghuba ya Ungwana, kuna majukwaa ya chuma ya Waitaliano. Kati ya mwaka 1967 na 1988 roketi 9 aina ya Scout zilirushwa hapo zikiwa na setilaiti. Mojawapo, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970, siku ya uhuru wa Kenya, ilipewa jina la Uhuru.

Kwa nini hapo? Karibu na Ikweta, dunia huzunguka kuelekea mashariki kwa kasi ya takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayoelekea huko hubebwa na kasi hiyo. Tena mbele yake ni Bahari ya Hindi, si makazi ya watu.

Roketi ilikuwa kwenye jukwaa la San Marco. Waongozaji walikaa Santa Rita, jukwaa la pili lililo mamia ya mita pembeni, na amri zilipita katika nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Fueli ya Scout ilikuwa yabisi, na ikishawaka haizimiki. Kwa hiyo ukaguzi wote ulimalizwa kabla ya kuwasha.

Ikiwa angani, vifaa viitwavyo jairoskopu vilitambua roketi inapopinda. Mwanzoni ilinyooshwa kwa mapezi na vibao vilivyowekwa kwenye moto wake, kisha kwa vijito vya gesi. Kipande cha nne, cha mwisho, kilizungushwa kama pia ili kisiyumbe.

Siku hizo, roketi ikipotea njia, ofisa aliye chini ndiye aliyeamua kuilipua kwa amri ya redio. Tangu mwaka 2017, roketi ya Marekani ya Falcon 9 imekuwa ikirushwa na kompyuta yake yenyewe ikifanya uamuzi huo.

Kenya iliunda Wakala wake wa Anga za Juu mwaka huohuo wa 2017. Lakini setilaiti yake, Taifa-1, ilirushwa California tarehe 15 Aprili 2023, kwa Falcon 9. Ngomeni haijarusha setilaiti tangu mwaka 1988. Kituo cha nchi kavu bado kinafuatilia setilaiti, lakini nchi za pwani yetu bado hazina roketi ya kupeleka setilaiti, wala chumba cha kuiongoza.