Kesha la Uyoga: Kutoka Huautla hadi Maabara

Usiku wa kuamkia tarehe 30 Juni 1955, katika nyumba ya matofali mabichi iliyoezekwa kwa nyasi mjini Huautla de Jiménez, milimani katika jimbo la Oaxaca kusini mwa Mexico, mganga María Sabina alishika uyoga mbichi, akaufukiza kwa moshi wa kopali, utomvu wa mti unaochomwa kama ubani, kisha akaugawa jozi kwa jozi. Wageni wawili kutoka New York, Gordon Wasson, mmoja wa makamu wa rais wa benki ya J.P. Morgan, na mpigapicha Allan Richardson, walipewa jozi sita kila mmoja. Mshumaa ukazimwa. Mganga akaanza kuimba na kupiga makofi, na kilinge kikaendelea hadi alfajiri. Baadaye Wasson alisimulia kwamba gizani aliona nakshi za rangi kali, kisha majumba ya kifalme yenye nyua na bustani, na akahisi kama roho yake imeuacha mwili.

Wamazateki, wenyeji wa Huautla, wao hawakukesha ili kuona majumba. Mtu alikuwa mgonjwa, au amepotelewa na kitu, au ana ndugu aliye mbali asiyejulikana hali yake. Ndipo uyoga ulipoliwa, usiku, mbele ya altare yenye picha za watakatifu. Mganga naye alikula, tena zaidi ya wengine, kwa kuwa ndiye aliyetumwa kwenda kuuliza. María Sabina hakujua kusoma, na lugha yake ilikuwa Kimazateki tu. Alikuwa Mkatoliki mwenye kushika ibada za parokia yake, na hakuona mgongano wowote kati ya misa na kesha. Uyoga aliuita watoto watakatifu.

Desturi hiyo ilikuwa ya kale. Katika karne ya 16, mtawa Bernardino de Sahagún aliandika kwamba wenyeji wa Mexico walikula uyoga kwa asali na kuona maono. Watawala wa Kihispania waliona humo kazi ya shetani, nayo desturi ikajificha milimani kwa karne kadhaa.

Kufichuka kwake kulichukua muda mfupi mno. Tarehe 13 Mei 1957 jarida la Life lilichapisha makala ya Wasson pamoja na picha za Richardson. Jina la mganga na la mahali yalibadilishwa, lakini sura yake ilikuwa pale pale ukurasani, na haikuchukua muda watu wakamtambua. Wasson alikuwa amefika kwake kupitia ofisa wa mji, Cayetano García, na María Sabina alieleza baadaye kwamba alikubali kwa sababu aliyemwomba alikuwa mtu wa serikali. Hilo ni jambo zito, na linastahili kusemwa kila habari hii inaposimuliwa: ridhaa ya namna hiyo ina walakini tangu mwanzo.

Sayansi haikukawia. Mtaalamu Mfaransa Roger Heim aliutambua uyoga huo na kuuotesha Paris. Albert Hofmann, mkemia wa kampuni ya Sandoz mjini Basel, akala uyoga 32 uliokaushwa, ili ajipime mwenyewe. Mwaka 1958 yeye na wenzake walitangaza kwamba wamekitenga kiini chake, wakakiita psilosibini. Kabla ya hapo, katika msafara wa Wasson wa 1956, alikuwamo pia mkemia aliyetumwa kwa siri na shirika la kijasusi la Marekani, CIA, lililokuwa likitafuta dawa za kutawala akili za watu. Mwaka 1962 Hofmann alikwenda Huautla na vidonge vya psilosibini. María Sabina alivimeza, akakesha, na kulipopambazuka akasema roho ya uyoga imo ndani ya vidonge hivyo.

Halafu vijana wa Marekani na Ulaya wakamiminika. Walikula uyoga mchana, mitaani, bila mgonjwa wala swali. Jeshi liliweka vizuizi barabarani. Baadhi ya majirani walimlaumu mganga kwa kuiuza siri yao; nyumba yake ilichomwa moto, na polisi walimsumbua. Katika kitabu cha maisha yake kilichoandikwa na Álvaro Estrada mwaka 1977, alilalamika kwamba tangu wageni waje, watoto watakatifu wamepoteza nguvu. Alifariki Novemba 1985 akiwa maskini.

Utafiti wa psilosibini, uliosimamishwa na marufuku ya miaka ya 1970, ulirudi polepole. Mwaka 2006 Roland Griffiths na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha matokeo ya kuwapa psilosibini watu wazima wenye afya njema, na wengi wao walikihesabu kikao hicho miongoni mwa matukio yenye maana kubwa zaidi maishani mwao. Mwaka 2019 watafiti wa Zurich walitoa ripoti kuhusu watu 39 wenye uzoefu wa tafakuri ya Kibuddha, waliojitenga kwa siku tano za ukimya. Baadhi yao walipewa psilosibini, wengine kidonge kisicho na dawa. Waliopewa dawa walizama zaidi katika tafakuri, na miezi minne baadaye walieleza mabadiliko mema zaidi katika maisha yao.

Hapo watafiti walikuwa wamekikaribia kilinge: maandalizi, ukimya, kiongozi, kundi. Tofauti iliyobaki ni kubwa. Zurich kila mmoja aliingia kwa ajili ya nafsi yake, na msimamizi hakumeza kitu. Huautla, ambako makesha yanaendelea hadi leo, mganga hula pamoja na aliyekuja na shida.