Jiu-jitsu ya Brazil: Siku moja mkekani, na kwa nini kugonga si aibu

Ukiingia kwenye ukumbi wa jiu-jitsu ya Brazil kwa mara ya kwanza, unaweza kudhani watu wanauana. Mmoja yuko chini, mwingine amemkalia kifuani na mikono yake imeshika kola ya koti. Uso wa aliye chini umeiva kwa joto. Ghafla anapiga makofi mawili mepesi begani mwa mwenzake. Papo hapo wanaachana, wanapeana mikono na kuanza upya huku wakicheka.

Makofi hayo mawili ndiyo yanayofanya mchezo huu uwezekane. Katika makala hii tunaeleza jiu-jitsu ya Brazil ni nini, siku ya mazoezi inakwendaje, na kwa nini wachezaji huambiwa tangu siku ya kwanza kwamba kugonga si aibu.

Mchezo wenyewe ni upi?

Ni mchezo wa kukamatana, wa jamii moja na mieleka na judo. Hakuna ngumi wala mateke. Mchezaji anajaribu kumwangusha mwenzake, kumdhibiti akiwa chini, kisha kumlazimisha akubali kushindwa. Njia kuu ni mbili: kubana kiungo kama kiwiko au bega, au kumpiga kabali shingoni.

Tofauti kubwa na mieleka ni kwamba aliyelala chali bado hajashindwa. Akiwa amembana mpinzani kwa miguu yake, anaweza kumpindua, kumkaba au kuukamata mkono wake. Nafasi hiyo huitwa gadi. Ndiyo inayompa mtu mwembamba matumaini mbele ya mtu mzito, kwa sababu miguu na nyonga zina nguvu kuliko mikono.

Ilitoka wapi?

Mizizi yake iko Japani. Mwaka 1914 Mitsuyo Maeda, mchezaji wa judo aliyefundishwa katika shule ya Kodokan mjini Tokyo, alifika Brazil. Baadaye alihamia Belém, mji ulio kaskazini mwa nchi hiyo karibu na mdomo wa mto Amazon. Miongoni mwa waliojifunza kwake alikuwa kijana Carlos Gracie. Carlos na ndugu zake, akiwemo mdogo wao Hélio, waliupeleka mchezo huo Rio de Janeiro na kuukuza kwa mtindo wao, wakiweka mkazo zaidi kwenye mapambano ya chini.

Dunia iliutambua Novemba 1993, pale Royce Gracie, mtoto wa Hélio, alipowashinda wapinzani watatu kwa usiku mmoja katika mashindano ya kwanza ya UFC mjini Denver, Marekani. Hakuwa mtu wa maumbile makubwa. Watu wengi walianza kuuliza: huyu amefanyaje?

Siku ya mazoezi inakwendaje?

Mazoezi huanza kabla ya kukanyaga mkeka. Mchezaji anakata kucha, anavua pete, saa na hereni, na anavaa koti zito na suruali vilivyofuliwa. Haya si mapambo. Kucha ndefu huchana ngozi ya mwenzako, na nguo chafu hueneza choa na majipu, kwa kuwa ngozi za watu zinagusana kwa saa nzima. Mwenye ugonjwa wa ngozi hupumzika mpaka apone. Viatu havipandi mkekani, na miguu mitupu haiendi chooni.

Kisha wanasimama kwa mstari na kumsalimu mwalimu. Nchini Brazil huitwa profesa, neno ambalo kwa Kireno maana yake ni mwalimu tu.

Baada ya hapo ni kupasha mwili moto. Wanabiringika, wanajifunza kuanguka bila kuumia, na wanajisogeza sakafuni kwa kusukuma nyonga, mwili ukijikunja na kujikunjua kama kamba wa baharini. Mgeni huona kama mchezo wa watoto. Lakini ndivyo mtu anavyojinasua akikaliwa na mzito kuliko yeye.

Halafu mwalimu anaonyesha mbinu moja au mbili. Wanafunzi wanagawanyika wawili wawili na kuirudia mara nyingi, polepole, kwa zamu. Anayefanyiwa hapingi sana. Lengo ni mwili uzoee njia.

Mwisho huja sehemu ambayo wengi wameifuata: kupambana kwa mazoezi. Saa inalia, wawili wanagusana viganja, na kwa dakika tano au sita kila mmoja anatafuta nafasi. Saa ikilia tena, wanabadilishana wenzao. Mwenye kilo 60 anaweza kukutana na mwenye kilo 90, na mgeni akakutana na mwenye mkanda mweusi. Mgeni atagonga mara nyingi siku hiyo. Hata mzoefu hugonga.

Kugonga kuna maana gani?

Ni kupiga mwili wa mwenzako au mkeka mara mbili au tatu, maana yake: nimekubali, acha. Mikono ikiwa imebanwa, mtu anaweza kugonga kwa mguu au kusema kwa mdomo. Hata ukelele wa maumivu huhesabiwa. Anayesikia anaachia hapo hapo, bila mjadala.

Sababu iko wazi. Kabali iliyokaa vizuri haizibi pumzi tu. Inabana mishipa ya pande mbili za shingo inayopeleka damu kwenye ubongo, na mtu anaweza kuzimia ndani ya sekunde chache. Kiwiko kinachonyooshwa kupita kiasi huchana mishipa inayoshikilia mifupa. Mbinu za kusokota kisigino ni hatari zaidi, maana goti linaweza kuharibika kabla maumivu hayajasikika vizuri. Ndiyo maana kwa kawaida wanaoanza hawaruhusiwi kuzitumia.

Kwa hiyo anayegonga mapema hajapoteza kitu. Kesho atakuwa mkekani tena. Anayesubiri mpaka kiungo kilie anaweza kukaa nje miezi kadhaa.

Kisa cha Maracanã

Mwaka 1951 Hélio Gracie alipambana na Masahiko Kimura, bingwa wa judo kutoka Japani aliyemzidi uzito kwa mbali, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro. Kimura aliukamata mkono wa Hélio na kuusokota nyuma ya mgongo. Hélio alikataa kugonga. Ni kaka yake Carlos, aliyekuwa pembeni, aliyesimamisha pambano kwa niaba yake.

Mpaka leo mbinu ile inaitwa kimura, kwa heshima ya aliyeshinda. Wengi humsifu Hélio kwa moyo wake. Lakini mwanafunzi anayejifunza kimura leo huanza kwa kuambiwa lini agonge. Lile lilikuwa pambano la mbele ya umati, na pembeni alikuwepo kaka wa kumwokoa. Katika mazoezi ya kila siku, mwokozi wako ni mkono wako mwenyewe na masikio ya mwenzako.

Mikanda na mashindano

Mikanda ya watu wazima ni mitano: mweupe, buluu, zambarau, kahawia na mweusi. Kwa wengi, kufika mkanda mweusi huchukua miaka kama 10. Watoto wana mikanda ya rangi nyingine, na mkanda wa buluu hautolewi kabla ya mtu kufikia umri wa miaka 16.

Kwenye mashindano wachezaji hugawanywa kwa umri, uzito na mkanda. Kwa watu wazima, pambano la mkanda mweupe huchukua dakika 5 na la mkanda mweusi dakika 10. Kumwangusha mpinzani ni alama 2, kuipita miguu yake 3, kumkalia kifuani au kumdhibiti kwa nyuma 4. Lakini mmoja akigonga, pambano limekwisha, hata kama alikuwa anaongoza kwa alama.

Mambo ya kukumbuka

Usijaribu kabali wala kusokota viungo nyumbani kwa kutazama video. Watoto hasa wasichezee shingo za wenzao.

Ukipata nafasi ya kujifunza, mahali popote, angalia kwanza jambo moja: mtu akigonga, je, anaachiwa mara moja? Kama anayegonga anachekwa, au anashikiliwa kidogo zaidi ili akome, hapo si mahali pa kuukabidhi mwili wako, hata kama mwalimu ana mkanda mweusi.

Na ukiwa wewe ndiye uliyebanwa, gonga. Kisha muulize mwenzako amekukamataje. Huko ndiko kujifunza kunakoanzia.