Mama aliponiuliza kama nimepima

Nilipotea kidogo, mitihani ilinibana. Leo niko chumbani Chang'ombe, umeme umerudi, ngoja niwape kisa kilichonirudisha kwenye somo langu la historia bila kutarajia.

Kulikuwa na harusi ya binamu yangu. Sare imeshonwa, imegoma kupita nyongani! Dada mmoja wa mtaani akaniuzia kichupa cha vidonge vya kukata hamu ya kula. Hakina jina la kiwanda, kimeandikwa tu kwamba ni mitishamba, haina madhara. Basi nikameza. Jamani njaa ilikufa kabisa. Wali maharage niliokuwa naupigia foleni ukawa kama karatasi mdomoni. Wiki mbili, kilo nne zimekwenda. Nilijiona mshindi. Ila usiku mdomo mkavu, usingizi hakuna, na moyo unakwenda mbio kama daladala za Mbagala zikigombea abiria.

Jumamosi nikaenda nyumbani, Mtoni kwa Azizi Ali. Nikamkuta mama uani anakuna nazi. "Shikamoo mama." Akaitikia, akaniangalia, akaacha kukuna. Nilitegemea aseme nimependeza. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, umepima?"

Kwa kizazi changu swali hilo ni la ajabu. Kwa mama si la ajabu hata kidogo. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini waligunduliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, watu waliuita ugonjwa huo Slim, yaani wembamba, na mwaka 1985 madaktari waliuandika kwa jina hilohilo katika jarida la Lancet. Miaka ya 1990 mitaani kwetu neno "amekonda" lilitosha kuwa kipimo. Mama alimzika mdogo wake miaka hiyo, akiwa amebaki mifupa. Dawa za kupunguza makali zilianza kutolewa bure na serikali mwaka 2004, yeye hakuzikuta. Kwa hiyo kitu nilichokinunua kwa hela yangu, kwa mama ndicho kilichombeba mdogo wake.

Sasa sikilizeni kioja. Marekani, tangu mwishoni mwa miaka ya 1930, kulikuwa na peremende za kukata hamu ya kula zikiitwa Ayds. Jina linatamkwa sawasawa na AIDS! Ziliuzwa vizuri tu mpaka ugonjwa ulipokuja miaka ya 1980. Mwaka 1988 wenyewe wakajaribu kubadilisha jina, lakini wapi, biashara ikafa.

Ila jina halikuwa tatizo pekee. Katika miaka yake ya baadaye Ayds ilikuwa na kemikali iitwayo fenilipropanolamini. Ni ndugu wa karibu wa kethinoni, kile kilichomo kwenye mirungi mibichi, ambacho wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikitambua mwaka 1975. Mnawajua wala mirungi: hawasikii njaa, hawalali, macho makavu. Tanzania mirungi ni haramu kisheria, lakini ndugu yake huyo alikuwa anauzwa madukani Marekani bila cheti cha daktari. Mwaka 2000 utafiti ulionyesha kwamba vidonge vyake vya kupunguza mwili vinaweza kuwaletea wanawake kiharusi cha kuvuja damu kwenye ubongo, na serikali ya huko ikataka viondolewe.

Na hiyo si mara moja. Amfetamini ilianza kutumika kukondesha watu miaka ya 1930, ikaacha waraibu wengi. Fenfluramini ilipendwa sana miaka ya 1990, hasa ikichanganywa na fentemini, mpaka mwaka 1997 madaktari waliporipoti wanawake 24 wenye valvu za moyo zilizoharibika. Ikaondolewa sokoni. Mwaka huohuo Marekani ikaidhinisha sibutramini! Utafiti wa watu karibu 10,000 waliokuwa tayari na matatizo ya moyo au kisukari ukaonyesha kuwa hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi imepanda kwa asilimia 16. Mwaka 2010 nayo ikaondolewa Ulaya na Marekani. Mnaona mtindo? Kwanza wanauza, wagonjwa wanahesabiwa baadaye.

Tena kilichofukuzwa mlangoni kinarudi kwa dirishani. Wakaguzi wa dawa nchi nyingi wamekuta sibutramini imefichwa ndani ya vidonge vya "mitishamba" vya kupunguza mwili. Mdomo mkavu, moyo kwenda mbio na kukosa usingizi ni madhara yake yanayojulikana. Niliposoma hapo nilihisi baridi.

Simcheki anayetaka kupungua. Unene uliozidi unaleta presha na kisukari, na hapa kwetu chipsi mayai ziko kila kona. Kidonge kinavutia kwa sababu ni kidogo, cha siri, na kinakuondolea vita na sahani. Siku hizi zipo dawa za kweli pia, kama semaglutaidi ya sindano, lakini hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, na mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilitahadharisha kuhusu sindano bandia. Dawa iliyosajiliwa TMDA (ile iliyokuwa TFDA) unaweza kuulizia. Kichupa changu nilimpelekea mfamasia, akakigeuza mara mbili akitafuta namba ya usajili na jina la kemikali. Hamna. Akaniambia niache leo hiyohiyo na nikapime presha.

Nikapima presha, na ile nyingine pia nikapima. Majibu yote mazuri. Nilimwonyesha mama karatasi, akaisoma, akaikunja, akaiweka kwenye pochi yake. Halafu akanipakulia wali wa nazi na samaki, akakaa pembeni kuniangalia nikila.

Sare? Fundi aliachia mishono inchi mbili kila upande. Elfu tano tu.

Tuonane wiki ijayo, inshallah.