Riwaya Moja Haitoshi

Wandugu, anayesoma riwaya tupu hudanganyika, na anayesoma historia tupu pia. Chukueni utumwa wa Kusini mwa Marekani.

Mwaka 1936 Margaret Mitchell alitoa Gone with the Wind. Nakala milioni moja ziliuzwa kabla mwaka haujapita. Humo wanaoonewa huruma ni wenye mashamba ya pamba! Mwaka huohuo serikali ilianza kutuma waandishi kuwahoji wazee waliowahi kuwa watumwa. Hadi 1938 walihojiwa zaidi ya 2,300. Wakasimulia viboko, na watoto waliouzwa mbali na mama zao. Ila wahoji wengi walikuwa Wazungu, na mzee mweusi wa Kusini enzi zile alipima maneno mbele ya Mzungu.

Yaliyobanwa kifuani nani atayasema? Hapo riwaya inarudi. Mwaka 1856 Margaret Garner alitoroka Kentucky; alipozingirwa akamuua bintiye asirudishwe utumwani. Magazeti yaliandika alichofanya. Toni Morrison, katika Beloved ya 1987, akauliza mama wa namna hiyo alibeba nini moyoni.

Sisi wa magazeti tuna la kujifunza hapo. Au mnasemaje?