Mguu uliofanya kazi na mguu uliopumzika

Nyumba nyingi ninazotembelea, mgonjwa wa kisukari amekalishwa kitini. Mama, wewe unamhurumia, unamletea hata maji ya kunawa. Hebu leo turudi nyuma tuone madaktari walijifunza nini juu ya kukaa na kutembea.

Insulini, ile dawa ya sindano, iligunduliwa Toronto, Kanada, mwaka 1921. Daktari Mwingereza Robin Lawrence, naye mgonjwa wa kisukari, alikuwa akisubiri kifo huko Italia. Mwaka 1923 alirudi London, akadungwa insulini, akapona kifo. Mwaka 1926 aliandika kwamba sindano ileile hushusha sukari zaidi mwili ukifanya kazi kuliko ukipumzika.

Kwa nini? Mwaka 1989 watafiti wa Denmark walifanya jambo ambalo mimi hulipenda sana. Waliwaambia watu wafanye mazoezi kwa mguu mmoja tu, ule mwingine utulie. Saa chache baadaye wakapima. Damu ni moja, insulini ni ileile, lakini mguu uliofanya kazi ulivuta sukari nyingi zaidi. Mazoezi ya mara moja tu! Msuli ulikuwa umeanza kuisikia insulini vizuri, na hali hiyo yaweza kudumu siku nzima au zaidi.

Na ubongo je? Zamani ilidhaniwa insulini haiuhusu. Mwaka 1978 watafiti wa Marekani walikuta kwenye ubongo wa panya sehemu nyingi za kuipokea. Leo tunajua insulini huuambia ubongo kwamba tumeshiba, na husaidia kumbukumbu. Kwa watu wengi wanene ubongo hauisikii sawasawa, ndiyo maana mtu anakula na bado anatamani kula. Msimcheke.

Mwaka 2022 watafiti wa Tübingen, Ujerumani, walieleza habari za watu wanene waliozoea kukaa tu. Baada ya majuma 8 ya mazoezi, ubongo wao ulianza tena kuisikia insulini, na njaa ikapungua. Msuli hujibu siku hiyohiyo. Huko ubongo ulipimwa baada ya majuma.

Basi mtoe mgonjwa wako nje, mtembee hadi sokoni polepole. Kama anadungwa insulini, kumbuka alichoandika Lawrence: sukari yaweza kushuka mno. Ale kwanza, nawe ubebe sukari au peremende. Akitoka jasho jembamba, akitetemeka au kuongea ovyo, mketishe, umpe palepale.